Kiti cha Mbele cha Omondi

Ninyi mnaopanga safari siku hizi kwa kidole, hebu niambieni: nani kati yenu amewahi kumwuliza mgeni kama mgongo wake ni mzima? Naona mnaangalia chini. Mnamwuliza anataka hema au chumba, mnamtumia picha ya simba akipiga miayo, mnamaliza. Halafu mgeni anaikuta barabara ya kuteremkia Mara baada ya mvua, na mnaanza kupigiwa simu za kilio. Ulizeni habari ya mgongo kwanza. Kisha pangeni vyoo, na wanyama waje baadaye. Mtu aliyebanwa hatazami twiga.

Jina langu ni Rose. Kisumu waliniita Madam Dereva, kwa sababu nilikuwa napanga safari ofisini na siku ya kuondoka nashika usukani mwenyewe. Wateja wa kwanza waliponiona nikiingia upande wa dereva walinyoosha shingo kumtafuta mwanamume. Niliwaacha wamtafute mpaka Ahero.

Kuna mengine ya kuwaambia. Msimwahidi mtu simba. Bwana harusi mmoja wa Nyalenda alimwahidi mkewe simba dume mwenye manyoya, nikamkanya, akanicheka. Siku nzima tuliona ngiri tu, mikia juu, wakikimbia mbele ya gari kana kwamba tumewakodi. Nasikia hadi leo mkewe akikasirika humwita Ngiri. Jazeni tangi Kisii, msidanganyane kwamba mbele kuna kituo. Na msitoke na kitu ndani ya hifadhi, hata unyoya, hata jiwe la kuzuilia mlango. Askari wa lango atawashusha wote kwa ajili ya jiwe hilo, na atakuwa na haki.

Lakini jambo kubwa nililofundishwa nilifundishwa na Mzee Barasa, Mungu amlaze pema, mtu wa Kakamega aliyenipa usukani wakati ofisi nzima ilisema mwanamke ataangusha wageni mtoni. Kabla ya kuingia kwenye utalii, Barasa alikuwa ameendesha basi la mazishi kwa miaka. Alikuwa na desturi moja: kila kona, kila daraja, kila njia panda, anasema. "Sasa tunakata kulia. Sasa tunavuka mto. Hapa panaitwa mahali fulani." Hata wageni wakiwa wamelala anasema. Nilimwuliza anamwambia nani. Akanijibu, "Rose, usimkatie abiria kona bila kumwambia. Basi." Nilidhani ni adabu ya wazee, nikaishika. Baadaye ikawa sifa yangu, wageni wakiandika kwamba dereva wa Kisumu anajua jina la kila kilima.

Sasa niwape ile ya Mama Omondi, maana ndiyo mnayonivutia sketi niisimulie kila tukikutana. Mimi ni mtu wa kanisa. Ninaimba sauti ya pili na hadithi za mizimu sina muda nazo. Hii nawaambia kwa sababu niliiendesha mwenyewe, na bado inanisumbua nikiwa peke yangu ndani ya gari.

Ofisi yetu ilikuwa ghorofani, juu ya duka la miwani. Siku moja akapanda ngazi mama wa makamo, mwembamba, amejishika ubavu, akakaa bila kukaribishwa. Alisema anatoka upande wa ziwa, ukishapita Kisian unakata kushoto barabara ya Bondo. Anataka kwenda kuona wanyama.

"Wanyama gani, Mama?"

"Wowote."

Wateja wa namna hiyo hawapo. Hata mtoto wa nasari anajua anataka ndovu. Nikamwagizia chai, nikangoja. Akaitaja hifadhi moja ya jamii kule juu ya Mara, na nikajua.

Mwanawe Omondi alikuwa mwongozaji wa wageni pale. Nilikuwa nimemwona mara mbili tatu, kijana mrefu wa kicheko kikubwa, anayependa kukaa mbele na kueleza ndege kana kwamba ni jirani zake. Mto ulifurika ghafla, akaingia kufunga kamba kwenye gari la wageni lililokwama, gari likatoka, yeye maji yakamchukua. Mwili ulipatikana, ukapelekwa mochari ya Kisii, ukarudi nyumbani ukazikwa vizuri. Lakini kwao mtu akifia majini, jamaa huenda mpaka pale pale alipoangukia, wakamwita kwa jina, wakarudi naye wakimwonyesha njia. Mwaka ule mito haikupitika. Hakuna aliyekwenda.

"Mwili yake iko," mama akasema. "Yeye hayuko. Ako na mbwa, Popi. Kila jioni Popi anaamka anaenda hadi kwa gate. Anatikisa mkia. Anangoja kidogo. Halafu anarudi peke yake, kichwa chini. Kila jioni, Madam. Mtoto yangu anafika kwa gate anashindwa kuingia, juu hakuna mtu alimleta."

Nikasema pole.

"Daktari amenipatia siku ya operesheni. Jumatatu. Iko kitu kwa tumbo inatolewa." Akaweka kikombe chini. "Nikilala kwa hiyo meza na Omondi bado ako nje, mimi siamki. Najijua."

Kwa hiyo tulipanga. Na hapa ndipo kazi yetu ilipo, vijana, si kwenye picha za machweo. Alitaka kukata tawi pale mtoni la kuibebea roho ya Omondi hadi nyumbani. Nikamwambia haiwezekani, tawi halikatwi ndani ya hifadhi, atoke nalo nyumbani, kwenye mti ulio karibu na nyumba ya Omondi. Akafurahi, akasema hiyo ni bora zaidi, Omondi atalijua. Nikapiga simu hifadhi tupewe ranger wa kutushusha mtoni, kwa sababu bila ranger hakuna kushuka. Nikauliza habari ya mgongo na ubavu wake, nikamwekea mito. Akaongeza masharti mawili: wakati wa kurudi kiti cha mbele kibaki wazi, na chakula cha njiani kiwe na boksi moja la ziada.

Tukaondoka watatu. Mama, mimi, na shemeji yake Mzee Owino, ndugu wa marehemu mumewe. Owino ndiye mwenye kazi ya kumtajia Omondi njia wakati wa kurudi, kwa kuwa ni wa ukoo. Alikuwa mtu wa maneno mengi, anasalimia hata mbuzi, nikaona kazi imepata mwenyewe.

Gari lilikuwa jipya la ofisi. Yale ya zamani hayakuwa na maneno, lakini haya mapya yanamgombeza mtu. Ukikaa bila mkanda, taa nyekundu inawaka na kengele inalia ti-ti-ti mpaka unyooke. Hata kreti la soda ukiliweka kiti cha mbele linaamriwa kujifunga. Mfuko wa ndizi kengele haiulilii, ni mwepesi. Lishikeni hilo.

Tulilala kambini, asubuhi ranger akatupeleka mtoni. Mto ulikuwa umepungua, rangi ya chai ya maziwa, viboko wamejaa pale kwenye kina wakipuliza. Ranger alikuwa amefanya kazi na Omondi. Akaonyesha kwa kidevu, hapa, akavua kofia. Mama akasogea ukingoni na tawi lake. Nilidhani atalia. Hakulia, aligomba, kama unavyomgombeza mtoto aliyechelewa kurudi dukani.

"Omondi! Umekaa sana. Bi, wadhi dala. Twende nyumbani. Chakula inapoa."

Viboko walinyamaza wote. Sisemi kwa nini walinyamaza, kiboko ana mambo yake. Nasema tu kwamba nilisikia maji yakigusa mawe, na ranger akarudi nyuma hatua moja akakaza bunduki, akitazama si majini bali ukingoni, karibu na mama.

Tukarudi garini. Mama na Owino nyuma. Tawi likawekwa kiti cha mbele, tawi kavu la majani machache, mtoto mdogo angelibeba. Nikawasha gari.

Ti-ti-ti-ti.

Nikalichukua lile tawi nikalishika mkononi. Kiti kitupu. Kengele haikunyamaza. Nikazima, nikawasha tena, ikaanza upya.

"Hii gari yako inalia nini?" Owino akauliza, sauti imepanda.

"Mfungie mkanda," mama akasema. Alikuwa anatabasamu.

Nikavuta mkanda. Nilijikuta naupitisha kwa adabu, mbali kidogo na kiti, kama unavyomfunga mgeni mzee usimguse tumbo. Ukaingia, kengele ikanyamaza. Langoni askari alituchungulia akiwa mbali, akaita, "Mliingia watatu, sasa ni wanne?" Alipofika dirishani akatazama kiti cha mbele, akatazama uso wa mama, akafungua lango upesi.

Owino alianza vizuri. "Omondi, hapa ni Lolgorian, tunapanda. Omondi, hii ni Kilgoris, unaona vile wameweka lami." Alisema hadi Kisii. Kisii nikaenda kujaza tangi na kuangalia matairi. Mama alikuwa amelala kwa uchovu na zile dawa zake. Niliporudi nikamkuta Owino anajifuta mdomo. Boksi la ziada lilikuwa wazi, mifupa ya kuku imepangwa vizuri pembeni.

"Ingeharibika, Madam," akasema.

Si kazi yangu kumgombeza mzee wa watu. Nikaendesha. Haukupita muda nikasikia anakoroma.

Baada ya Oyugis tukakuta lori la mawe limelala katikati ya barabara. Polisi wakatuelekeza kulia, njia ya udongo inayozunguka kupitia mashamba. Mvua ilikuwa imenyesha, utelezi mtupu. Nilinyamaza, nimeng'ang'ania usukani, natafuta mahali pa kuweka tairi. Tukatokea lami karibu na Sondu. Mama akazinduka kwenye daraja, mto unanguruma chini.

"Tuko wapi? Owino, umemwambia tuko kwa daraja?"

"Nimemwambia."

"Na ile lori nilisikia watu wanasema? Ulimwambia tumekata?"

"Min Omondi," akamwita Mama Omondi kwa Kijaluo, "nimemwambia kila kitu."

Tukasimama Sondu anyooshe ubavu. Tawi lilikuwa limeteleza kule kwenye matope, limeangukia sakafuni. Owino akaufungua mkanda, akaliokota, akaliweka tena kitini. Hakuufunga. Tukaondoka, mama akafumba macho tena.

Nilifika Katito ndipo nikasikia kimya. Nikatazama mkanda, unaning'inia. Nikatazama taa, imezimika. Nikasimama kando ya barabara, nikakibonyeza kile kiti kwa kiganja kwa nguvu. Ti-ti-ti. Nikatoa mkono. Kimya.

Owino alikuwa ameona kwenye kioo. Akashuka polepole, nikashuka, tukasimama nyuma ya gari.

"Madam, nakuomba," akanong'ona. "Usiseme. Huyu mama ni mgonjwa. Tunamfikisha nyumbani, anaona tawi imefika, anaridhika, Jumatatu anaenda kwa daktari na roho imetulia. Nani atajua?"

Nililifikiria kwa kweli. Lilikuwa neno la huruma, halikuwa la uhuni tu. Ningeweza kufunga ule mkanda mwenyewe na kuendesha. Lakini nikamwona Popi akienda langoni jioni ile, akitikisa mkia, akirudi peke yake, na mama akimtazama kutoka mlangoni akiwa ameshaamini. Halafu Jumatatu.

"Mbwa atajua," nikamwambia.

Nikafungua mlango wa nyuma, nikamwamsha mama, nikamwambia wazi: Omondi hayuko ndani ya gari, nadhani tulimwacha pale tulipokata, hakuna aliyemwambia. Hakupiga kelele. Alimtazama Owino, kisha akasema, "Rudisha gari."

Tulirudi. Lori lilikuwa limeshavutwa kando, polisi wameondoka, lami iko wazi na matope ya magari yakionyesha mahali kila mtu alipokata. Jua lilikuwa limeanza kuinama na manyunyu yameanza. Mahali penye kelele namna ile mchana, sasa hapakuwa na hata ng'ombe. Owino akashuka na tawi, akasimama pale njia panda, akavua kofia.

"Omondi, mtoto wa ndugu yangu. Ni mimi. Nilikula chakula yako nikalala. Wewe ulingoja uambiwe, sikusema. Nisamehe. Wadhi dala." Alilia kweli kweli, mzee yule, na akafurahia kupata nafasi ya kulia, nadhani. Akaliweka tawi kitini. Nikawasha gari.

Kimya.

Akaita tena. Mama naye akaita, mara hii bila kugomba, kwa sauti ya kubembeleza iliyonikata maini. Kimya. Manyunyu yanagonga bati la gari, taa nyekundu imezimika. Nikaona bega la mama linashuka, linashuka, kama mtu anayekubali jambo.

Halafu akanigeukia. "Madam. Yeye alikuwa mtu wa safari. Kazi yake ilikuwa kungoja dereva aseme. Sema wewe."

"Mama, mimi si wa ukoo."

"Wewe ni dereva."

Sikuwa na maneno ya matambiko. Nilikuwa na yale yale niliyoyasema kila asubuhi ya maisha yangu ya kazi, nimesimama kando ya mlango ulio wazi. Nikashuka, nikazunguka, nikafungua mlango wa mbele. Nikakohoa. Nikaona aibu, halafu ikaniisha.

"Habari ya jioni, na karibu. Mimi naitwa Rose, ndiye dereva wako leo. Hapa barabara ilikuwa imefungwa kwa sababu ya lori. Tulikata kulia bila kukuambia, na kwa hilo tunaomba radhi. Sasa imefunguliwa. Kutoka hapa tunateremka hadi Sondu, tunavuka daraja. Tunapita Katito, tunapita Ahero kwenye mpunga, tunaingia Kisumu. Tunatoka kwa njia ya Kisian, pale tunakata kushoto, na hatusimami tena mpaka nyumbani kwa mama yako. Mama yako yuko ndani ya gari. Kiti chako ni hiki cha mbele. Karibu upande."

Nikangoja muda ninaompa mgeni wa kupanda. Nikafunga mlango taratibu, nikarudi upande wangu, nikakaa. Nikasema lile la mwisho.

"Tafadhali funga mkanda."

Ti-ti-ti-ti.

Mama alijifunika uso kwa mikono yote miwili. Mimi nikavuta mkanda nikamfunga, na kutoka pale sikunyamaza. Nilisema kila daraja, kila bonde la mpunga, kila kona. Nikasema Nyamasaria, nikasema mjini, nikasema Obunga ile pale kulia, nikasema Kisian, sasa tunakata kushoto. Owino aliitikia kila mara, hakusinzia hata kope. Sikutazama kiti cha mbele. Nilitazama barabara, na nilijua kwamba kuna mtu anaitazama pamoja nami.

Tulifika kwao mwanga ukiwa bado kidogo, ziwa limegeuka rangi ya chuma nyuma ya nyumba. Nikasimama langoni, nikasema tumefika. Popi alikuwa amekaa pale pale katikati ya njia. Mbwa mzee, sikio moja limeliwa na kupe. Mama akashuka, akafungua mlango wa mbele, nami nikaufungua mkanda; taa nyekundu ikawaka kidogo, kisha ikazimika yenyewe.

Popi akasimama. Akatikisa mkia, kwanza polepole, halafu mwili mzima. Kisha akageuka kuelekea nyumbani, lakini hakwenda kichwa chini. Alikwenda pembeni mwa njia, kama mbwa anayemwachia mtu nafasi, akisimama kila baada ya kitambo, akitazama juu, akingoja, akiendelea. Hivyo hivyo hadi mlangoni. Sisi watatu tulibaki langoni.

Mama akaita kwa sauti ya kila siku, ile ya mama yeyote mwenye nyumba.

"Omondi! Pangusa miguu. Nimepiga deki."

Jumatatu alikwenda kwa daktari, akalala mezani. Alipozinduka, nasikia neno la kwanza lilikuwa kuulizia uji. Mpaka leo hunitumia omena, dagaa wa ziwani, na Owino ndiye huzileta, amekuwa mtu wa kusema barabara nzima hata akiwa kwenye bodaboda. Fundi alikifungua kile kiti mara mbili. Alisema hakina ubovu.

Kwa hiyo mkipanga safari, pangeni na kurudi. Nyote mnajua kumpeleka mtu. Watoto wangu wako mbali sasa, mmoja Eldoret, mwingine ng'ambo, na mimi bado nasafiri huku na huku kwa mambo ya kanisa. Nimewaambia kwamba popote nitakapoangukia, wasilie sana, wanitafutie tu dereva asiyesinzia, na aanze kwa kunisalimia.